Raba Mbili Kwenye Filta Moja: Kisa cha IST Iliyomwaga Oili Njia ya Morogoro

Gari ni Toyota IST, chasisi ya NCP61, injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, limetembea kilomita 148,000. Jioni lilimwagwa oili na kubadilishwa filta kwenye gereji ya mtaani Dar es Salaam, likarudi nyumbani kwa foleni, kilomita tisa hivi, bila tone chini. Alfajiri likaanza safari ya Morogoro. Lilipopita Kibaha, dereva akakanyaga mafuta alipite semi, na kabla hajarudi upande wake taa nyekundu yenye alama ya birika ikawaka. Akadhani oili imepungua kidogo. Akaendelea kama kilomita mbili mpaka sheli, akanunua lita moja, akamimina, akawasha. Taa ikabaki palepale. Akazima, akasubiri, akawasha mara ya pili, na safari hii injini ikaanza kugonga. Gari likarudi mjini limevutwa.

Lilipofika, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mwenye gari alisema filta ni feki. Fundi aliyebadilisha alisema jiwe limepasua sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Wapita njia, ambao gereji haikosi, walisema nati ya kumwagia oili haikukazwa. Mambo yote matatu hutokea, ila kila moja lina alama yake. Hapo gari likapandishwa jeki na kuwekwa stendi.

Chini kulikuwa kumelowa kuanzia kwenye filta kurudi nyuma: sampu, vyuma vya miguu, mpaka bomba la moshi, ambako oili ilikuwa imeungua na kuacha harufu. Oili inayorushwa gari likiwa mwendoni hupeperushwa kwenda nyuma, kwa hiyo chanzo hutafutwa mahali pa mbele kabisa palipolowa. Sampu ilifutwa kwa petroli na kuangaliwa kwa tochi: haina ufa wala mchubuko mpya. Nati ya kumwagia, ile ya spana namba 14, ilikuwa imekaza na wosha yake iko sawa. Oili iliyobaki ilimwagwa kwenye chombo chenye alama za vipimo, haikufika lita moja. Injini hii hula lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta. Ukiongeza ile lita ya sheli, karibu lita nne zilikuwa zimeachwa barabarani na kwenye sakafu ya sheli.

Ikabaki filta. Kopo lake halikuvimba. Hilo ni jambo la kulitazama kabla hujalifungua, maana kopo lililovimba linasema vali ya kupunguza presha kwenye pampu imekwama, presha imepanda kupita kiasi na kuisukuma filta. Hapa halikuvimba hata kidogo. Filta ilitoka kwa mkono tu, bila mnyororo wala spana ya filta. Raba yake mpya ilikuwa imechungulia nje upande mmoja, kipande cha urefu wa kidole. Na juu, kwenye uso wa bloku (mwili wa injini) mahali filta inapokalia, kulikuwa na duara jingine jeusi, bapa, linang'aa kama sehemu ya injini yenyewe. Ukilipitisha kucha unahisi kidaraja. Ilibidi libanduliwe kwa kijiti cha mbao. Lilikuwa raba ya filta ya zamani.

Ushahidi wa mwisho ulikuwa bado gereji, kwenye boksi la takataka chini ya meza ya kazi: filta iliyotolewa jioni ile. Mfereji wake wa raba ulikuwa mtupu. Kisa chote kilikuwa kimeandikwa pale tangu saa kumi na mbili jioni, na hakuna aliyeigeuza kuitazama.

Kwa nini raba inabaki juu? Raba ya filta nyingi ni ya aina inayostahimili mafuta, lakini joto la miezi mingi huikausha, huibana na kuigandisha kwenye chuma. Ikifungwa kavu, bila kupakwa oili, inashika zaidi. Ikikazwa kwa spana inashika zaidi ya hapo. Na filta ikiachwa kilomita 10,000 au zaidi kwa sababu mwenye gari anabadilisha oili tu na kuiruka filta "mpaka safari ijayo", raba inakuwa ngumu kama plastiki. Filta ya gari hili ilikuwa imerukwa mara moja. Kwenye IST kuna jambo jingine tena: ukiwa umesimama mbele ya boneti huuoni vizuri uso huo wa bloku. Filta inafikiwa kwa chini, fundi amelala, oili inamchuruzikia kwenye kiwiko, na mkono wake unataka kufunga mpya haraka ili matone yaishe.

Swali ambalo mwenye gari alikuwa akilirudia ni hili: kama raba zilikuwa mbili, mbona halikuvuja usiku ule? Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo tulipigie hesabu.

Shingo ya filta za Toyota za aina hii, yaani kile kibomba cha kwenye bloku ambacho filta inajizungushia, ina nyuzi za robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa kila inchi. Mzunguko mmoja mzima unasogeza filta milimita 1.6 hivi. Raba ikishagusa bloku, filta inakazwa robo tatu ya mzunguko, yaani raba inabanwa kama milimita 1.2, na hizo zinatosha. Raba zikiwa mbili, mkono unahisi ukinzani uleule na fundi anazungusha robo tatu yake kama kawaida. Ila sasa filta imekaa mbali na bloku kwa unene wa raba ya zamani, imepoteza nyuzi mbili au zaidi kidogo za kushikia, na raba mpya inakalia raba nyingine, laini juu ya utelezi. Ile ya zamani haina mfereji wa kuishika pembeni. Kinachozuia raba mpya isiteleze juu yake ni msuguano peke yake, na kati yao kuna oili.

Sasa chukua presha. Kipenyo cha ndani cha raba ni milimita 55 hivi. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma tu bila kukanyagwa, tuseme presha ni bar 0.6 (bar ni kipimo cha presha), filta inasukumwa kutoka kwenye bloku kwa nguvu ya kama kilo 14. Presha ikifika bar 3, nguvu hiyo inakuwa zaidi ya kilo 70, sawa na mtu mzima amening'inia kwenye filta. Kwenye foleni ya jioni injini haikuzidi mizunguko 2,000 kwa dakika. Lilipokuwa linalipita semi, gia ilishuka, mizunguko ikapanda juu ya 4,000, presha ikapanda nayo, na raba iliyokwisha kulainishwa na joto la saa nzima ikasukumwa nje. Ikishachungulia upande mmoja hairudi. Pampu ya injini kama hii kwa mwendo huo inasukuma makumi ya lita kwa dakika, kwa hiyo sampu yenye lita nne kasoro hukauka kabla wimbo wa redioni haujaisha.

Kuhusu ile taa ya birika, ielezwe bila kumung'unya maneno. Haipimi wingi wa oili. Inapima presha, na swichi yake huwaka presha ikiwa imeshashuka karibu na sifuri. Taa ya petroli inakuonya kabla. Hii inakuarifu kwamba jambo limekwisha kutokea. Ikiwaka gari linatembea, unaweka gia huru, unazima injini hapohapo na kuliacha lijiviringishe mpaka pembeni, ukijua kwamba usukani na breki vitakuwa vizito. Kilomita mbili mpaka sheli ndizo zilizoiua injini hii. Lita moja iliyomiminwa ilikuwa bure: ilipita kwenye pampu na kutokea palepale ilipotokea ile ya kwanza. Kabla ya kuongeza oili kwa sababu ya taa hiyo, inama uangalie chini. Pakiwa panachuruzika, funga boneti, tafuta wa kukuvuta.

Turudi kwenye madai ya filta feki, kwa sababu yana uzito wake hata kama safari hii hayakuhusika. Kopo lilikuwa na namba 90915-10001, ambayo ndiyo ya injini hii, na nyuzi zake zilikaa sawa kwenye shingo. Lilipokatwa kwa kikata kopo, karatasi za ndani zilikuwa na mikunjo iliyopangana, gundi imeshika pande zote mbili, na raba ya ndani inayozuia oili isirudi kwenye sampu ilikuwa laini na nzima. Filta feki ukiikata mara nyingi unakuta mikunjo michache iliyoachana, au karatasi imebanduka kwenye kofia yake, oili inapita pembeni bila kuchujwa. Raba ya ndani ikiwa mbovu utaisikia asubuhi: injini inagongagonga kwa sekunde kadhaa mpaka filta ijae. Hayo ni magonjwa ya polepole. Hayamwagi oili yote kwa dakika moja.

Kosa la filta linaloweza kumwaga oili ghafla ni lingine, na mafundi wanaochukua filta "inayofanana" rafuni walisikilize hili. Filta nyingi za Nissan, Honda na Subaru zina nyuzi za kipenyo cha milimita 20, na kutoka uzi hadi uzi ni milimita 1.5. Shingo ya Toyota hii ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19. Filta ya Nissan, kwa mfano 15208-65F0A, kwa macho inaweza kufanana na ya IST: kopo dogo, duara la raba karibu sawa. Ukiizungusha kwenye shingo ya Toyota inaingia, tena kwa ulaini unaofurahisha, na inaweza hata kukaza kidogo. Lakini nyuzi zinashikana kwa ncha tu. Ukiitikisa kabla haijagusa bloku utahisi inacheza. Kinyume chake hakiwezekani, filta ya Toyota haiingii kabisa kwenye shingo ya milimita 20, kwa hiyo hatari iko upande mmoja. Filta ikitikisika, irudishe dukani. Kukaza zaidi hakusaidii.

Ukubwa wa kopo ni suala dogo zaidi. Kopo refu lenye nyuzi na raba ileile halina ubaya kama halitagusa kitu na halitaning'inia chini likapigwa na matuta. Ila kwa mtu asiye na kitabu cha vipimo mkononi, kufuata namba ni salama kuliko kufuata umbo. Namba ya zamani ipo kwenye filta iliyotoka, lakini nayo usiiamini peke yake: huenda aliyetangulia alikosea. Tumia namba ya chasisi au aina ya injini. IST ya NCP60 ni 2NZ-FE ya lita 1.3, na mwenye duka akiuliza "IST ipi?" jua umefika kwa mtu anayejua kazi.

Kazi yenyewe ilipaswa kwenda hivi. Injini inapashwa dakika chache tu, oili iwe nyepesi bila kuunguza mkono. Mfuniko wa kumiminia unafunguliwa kwanza, halafu nati ya 14 chini, na oili inaachwa itoke mpaka iwe matone, dakika kumi hivi. Wosha ya nati inabadilishwa. Ya zamani ikirudishwa watu hukaza kupita kiasi kuzuia jasho la oili, na nyuzi za sampu ndizo zinazolipa. Kwa torki, yaani nguvu ya kukazia, nati hiyo haihitaji zaidi ya Nm 38. Bila spana ya torki, ni kukaza kwa mkono mmoja na spana ya kawaida, bila kuongezea bomba.

Kisha filta. Inalegezwa, inashushwa wima ili isimwagike, na kabla ya kuiweka chini inageuzwa: raba iko kwenye mfereji wake? Ikiwa ipo, vema. Ikiwa haipo, iko juu, na hakuna mpya inayofungwa mpaka ipatikane. Hata ikiwepo, uso wa bloku unafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi na kidole kinazungushwa duara zima, maana raba huweza kukatika na kuacha kipande. Pasipoonekana, simu ya mkononi inawekwa chini ya mahali filta inapokalia na kupiga picha yenye mwanga. Raba mpya inapakwa oili mpya kwa ncha ya kidole. Filta inazungushwa kwa mkono mpaka iguse, inachorwa mstari kwa kalamu ya wino mzito, na kutoka hapo robo tatu ya mzunguko. Mstari unasaidia kwa sababu mkono uliolowa oili hauhesabu vizuri.

Oili ya 5W-30 (namba hizi ni za uzito wa oili) inamiminwa lita 3.5 kwanza. Galoni nyingi madukani ni za lita 4, na tabia ya kuimaliza yote "isibaki" inaijaza injini hii kupita alama ya juu. Ile inayobaki inafungwa na kuwekwa kwenye buti. Kuna wanaopenda 20W-50 kwa hoja kwamba injini imechoka. Kwenye 1NZ-FE yenye VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa vali unaoendeshwa na presha ya oili, oili nzito inachelewa kufika juu asubuhi, na wakati bado ni baridi inaongeza presha hiyohiyo inayoisukuma filta.

Sasa hatua iliyokosekana jioni ile. Injini inawashwa, taa ya birika inazimika ndani ya sekunde chache, mtu mmoja anaangalia filta kwa tochi. Baada ya dakika moja, mwingine anakanyaga mpaka mizunguko 3,000 na kuishikilia kwa sekunde 30. Kuiacha iungurume tu hakupimi kitu, tumeona hesabu ya kilo 14 na kilo 70. Raba mbili mara nyingi hujionyesha hapo, kwa uzi mwembamba wa oili unaochuruzika kwenye kopo au kwa mchirizi wa ghafla, gari likiwa bado gereji na oili ya kupotea ikiwa vikombe viwili. Injini inazimwa, inasubiriwa dakika tano, stiki ya kupimia oili inasomwa, oili inaongezwa kidogokidogo mpaka alama ya juu.

Kwa gari hili swali lililobaki lilikuwa kama injini imepona. Watu hukimbilia kuifungua au kuitupa, wakati kuna vipimo vya bei rahisi kabla ya hapo. Filta mpya ilifungwa, oili ikajazwa, plagi zikatolewa na fyuzi ya EFI ikavutwa ili petroli isiingie, injini ikazungushwa kwa stata mpaka taa ikazimika. Swichi ya oili ikatolewa, geji ya presha ikafungwa mahali pake. Plagi na fyuzi zikarudishwa, injini ikawashwa. Mafundi wengi hushika kipimo cha karibu bar 2 kwa mizunguko 3,000 injini ikiwa ya moto. Geji ilisoma chini ya bar moja na mlio ulikuwa wa chini, mzito, unaoongezeka ukikanyaga. Ilizimwa hapo hapo.

Oili ya jaribio ilimwagwa kwenye beseni jeupe juani, na ilikuwa na chenga zinazong'aa kama rangi ya kucha. Sumaku ilipopitishwa, chache sana zilishika. Hilo lilisema ni metali za kranki, vile vibati ambavyo mhimili wa injini huzungukia: sehemu yake laini haishikwi na sumaku, chuma hushikwa. Sampu iliposhushwa, metali ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya silinda ya tatu ilikuwa imechubuka mpaka chuma chake cha nyuma kinaonekana, na kranki ina mikwaruzo inayokamata ukucha. Za silinda nyingine zilikuwa zimeanza.

Kuchonga kranki, kununua metali za saizi inayofuata, ringi, gasketi na siku za fundi kulikaribia bei ya injini ya mtumba kutoka Japani, ambayo kwa 1NZ-FE hupatikana kirahisi. Mwenye gari akachagua ya mtumba. Gereji ilikubali kubeba gharama ya kazi na nusu ya injini. Kile kipande cha raba kilichobanduliwa na filta yenye mfereji mtupu viliwekwa mezani wakati wa mazungumzo, na mazungumzo hayakuwa marefu.

Injini ya mtumba ilikuja ikiwa bado na filta yake ya Japani, rangi imepauka, haijulikani imekaa miaka mingapi. Ilifunguliwa kabla injini haijapanda garini, ikiwa bado sakafuni ambako uso wa bloku unaonekana wote. Ilihitaji mnyororo. Ilipotoka, nusu ya raba ilikuwa kwenye mfereji na nusu imebaki kwenye bloku.